Madoa ya Kanga: Siku Zangu Kumi za Kwanza Msasani

Siku ya 1, Ijumaa

Basi liliondoka Tunduru kabla hakujapambazuka, na mpaka linaingia Mbagala Rangi Tatu jua lilikuwa limeshazama. Masasi tulikunywa chai, Nangurukuru tukala, kisha nikalala. Niliamshwa na kelele za abiria pale Daraja la Mkapa. Wote walikuwa wamesimama kuangalia Rufiji ilivyofura. Ni mwezi wa nne, masika yamekolea, na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamepanda mpaka kwenye mashamba ya watu.

Nimekuja Dar es Salaam kuanza kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja huko Masaki. Kazi inaanza Jumatatu, si hii ya karibu, ile inayofuata. Kwa hiyo nina siku kumi za kuuzoea mji, na nimenunua kaunta buku niwe naandika kila jioni. Mama ndiye aliyenishauri. Alisema mji ule unameza watu, wewe andika, angalau tujue ulimezwa siku gani.

Chumba nilikipata kwa simu, kupitia dalali. Msasani, Bonde la Mpunga, kodi ya miezi sita mbele na mwezi mmoja wa kwake. "Kumetulia dada, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani." Upepo upo, simsingizii. Alichosahau kunieleza ni kwamba bonde lile ni bonde kweli. Bajaji ilinishusha barabarani, dereva akakataa kata kata kuingia ndani, na mama mwenye nyumba akaja kunipokea na tochi ya simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu kwanza, hapa katikati tunapita peku."

Hivyo ndivyo nilivyoingia mjini, begi kichwani, viatu mkononi, na kilo tano za korosho zimenining'inia begani.

Siku ya 2, Jumamosi

Nyumba ina vyumba sita, ua mmoja, bomba moja na LUKU moja. Hiyo LUKU moja ndiyo habari yenyewe.

Jana usiku nilichomeka pasi. Sikufika hata kwenye kola, umeme ukakatika nyumba nzima. Nikasikia mtu anaguna chumba cha mbele yangu, halafu kimya. Nikajilaza gizani kama mwizi.

Asubuhi natoka kwenda bombani, jirani wa chumba hicho cha mbele naye anatoka. Dada wa rika langu, mrefu, ndoo mkononi, amejifunga kanga nyekundu. Nikamsalimu, akajibu "salama" huku anaiangalia ndoo. Alipogeuka ndipo nikaisoma kanga: *Usisafirie nyota ya mwenzio.*

Sisi watu wa bara ya kusini kanga tunavaa, lakini nilishaambiwa kwamba Pwani mtu akikuvalia kanga amekusemesha. Nikarudi chumbani na maji nusu ndoo, najiuliza nyota yake nimeisafiria vipi kwa pasi ya dakika mbili.

Jioni nikagawa korosho. Sahani kwa mama mwenye nyumba, sahani kwa kila mlango. Kwa jirani wa kanga nilimkuta mtoto tu, nikamwachia.

Siku ya 3, Jumapili

Nimetembea mpaka miguu ikauma. Nilipita Mikoroshini, nikacheka peke yangu njiani kwa sababu nilikopita mimi sikuona hata mkorosho mmoja. Mtu aliyekulia Tunduru hawezi kudanganywa kuhusu mikorosho.

Nikateremka ufukweni, kule wavuvi wanakoegesha. Ngalawa zilikuwa zimelala ubavu, wanawake wanasubiri samaki na mabeseni yao, na ng'ambo ya pili ya ghuba magorofa meupe yanang'aa kama hayahusiki. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu kivulini. Nikamwamkia, nikakaa. Bila kuulizwa akanieleza kwamba jina Msasani limetokana na mtu, Musa Hasani, watu wakalitamka haraka haraka mpaka likawa hivi lilivyo. Ndivyo wenyeji wanavyosimulia.

"Na wewe umetokea wapi, mwanangu?"

"Tunduru, mzee."

"Aa! Kwa Tingatinga!"

Mimi akili yangu ikaenda kwenye mtambo. Walipokuwa wanatengeneza barabara yetu ya lami, matingatinga yalikuwa yakipita na watoto wanakimbia nyuma kwenye vumbi, wanaimba. Nikamwambia ndiyo, yalikuja, barabara sasa ni nzuri sana.

Mzee aliacha sindano. Alicheka mpaka akashika goti. "Si tingatinga la barabara! Edward Saidi Tingatinga, mchoraji. Mtu wa kwenu yule. Aliishi hapa hapa Msasani."

Picha za tingatinga nazijua, nani hajaziona? Twiga, chui, ndege wenye shingo ndefu. Lakini kwamba Tingatinga ni jina la mtu, na mtu mwenyewe ametoka wilaya yangu, hilo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Au aliniambia nikiwa nimelala. Mzee akanielekeza kwa kidole na sindano: fuata barabara ya Haile Selassie, ulizia Morogoro Stores, Oysterbay. Utawakuta wanachora.

Siku ya 4, Jumatatu

Mvua kutwa nzima. Nguo nilizofua jana zimening'inia chumbani kama popo. Sahani ya korosho imerudi kutoka mlango wa mbele, ina kalimati sita ndani. Ameileta mtoto, hakusema neno.

Siku ya 5, Jumanne

Kumekucha jua linachoma, kana kwamba jana haikuwapo. Nguo zangu zote zilikuwa na unyevu isipokuwa moja: gauni la rangi ya krimu nililoshonesha kwa ajili ya siku ya kwanza kazini. Nikasema nitalivaa asubuhi tu, mchana nitalirudisha kwenye enga. Ndivyo nilivyosema.

Ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Harufu ndiyo iliyonikaribisha kabla sijaona kitu, thina na rangi ya mafuta, ile harufu ya geti jipya. Halafu picha. Ukutani, kwenye kamba, chini zimeegemezwa, nyingine bado mbichi zimeanikwa juani kama nguo. Wachoraji wamekaa kwenye viti vifupi, turubai magotini, vikopo vya rangi vimewazunguka. Hakuna aliyenivuta kununua. Nadhani uso wangu ulishasema kwamba kodi ya miezi sita imeshalipwa.

Nilisimama mbele ya mzee mmoja wa miaka sitini na ushei, kofia ya kitambaa, miwani imefungwa uzi. Alikuwa amemaliza picha kubwa ya kanga saba, ndege, wamepanga foleni kwenye uwanja mwekundu. Weusi, vichwa vya buluu, na madoa meupe mwili mzima. Niliyatazama yale madoa mpaka nikahisi yanatikisika. Zamani, darasa la tano hivi, nilikuwa najaza nyuma ya daftari za hesabu kwa kuku na bata, mpaka siku mwalimu alipozichana mbele ya darasa. Sikuchora tena. Si kwamba niliapa, niliacha tu, kama mtu anavyoacha sukari.

"Karibu, dada," akasema mzee bila kuinua kichwa.

"Ahsante. Naangalia tu."

"Kuangalia ndiyo kazi yenyewe."

Basi mvua ya Dar haipigi hodi. Niliona kivuli kinapita, tone moja likagonga kopo, halafu kila mtu akawa mbio. Wachoraji, wapita njia, mlinzi, muuza maji, wote wanakwapua picha na kuzikimbiza bandani. Nami nikakwapua. Iliyokuwa karibu yangu ni ile ya kanga saba. Nikaikumbatia kifuani, nikakimbia nayo huku nimeinama ili isilowe.

Haikulowa. Nilipoibandua pale bandani ilitoa sauti, *shwaa*, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Watu wakanyamaza. Kanga watatu wa katikati walikuwa wamegeuka moshi, madoa yameburutika mpaka kwenye mikia. Na mimi, kifuani, kwenye krimu, nilikuwa na kanga watatu wanaotazama upande wa pili.

Kijana mmoja ndiye aliyeanza kucheka. Mzee hakucheka. Aliishika picha, akaigeuza kwenye mwanga, akashusha pumzi.

"Hii ya mtu," akasema. "Anakuja kuichukua Jumamosi jioni. Zawadi ya harusi."

Siku ya 6, Jumatano

Sikulala vizuri. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshafika na laki moja mkononi, yaani fedha yangu ya kula ya wiki mbili.

"Deni langu ni kiasi gani, babu?"

Aliiangalia ile fedha, akaniangalia mimi. "Umeanza kazi?"

"Bado. Jumatatu."

"Basi deni la rangi halilipwi na mtu asiyeanza kazi. Kaa hapo." Akanisukumia kiti kifupi, na tambara, na kopo la thina. "Futa ulichoharibu. Pole pole, usifike kwa wale wanne wazima."

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti Morogoro Stores.

Kufuta kulichukua asubuhi nzima. Halafu akanipa rangi nyekundu na brashi pana nizibe mahali pa wale watatu. Nilidhani kupaka rangi moja ni kazi ya mtoto. Si hivyo. Rangi ya mafuta ukiipeleka huku na huku inaacha mifereji, na mchana ukiigeuza picha mwangani mifereji yote inakusema. Babu aliniambia nipeleke upande mmoja tu, kutoka kushoto, kama mtu anayefagia uwanja na hataki kukanyaga alipofagia. Uwanja kwanza, ukauke, ndipo mnyama aje juu yake. Hiyo ndiyo tabia ya picha hizi.

Alipojua natoka Tunduru alisimama kabisa. Akaniita "mtu wa Namochelia", kijiji cha huko Nakapanya alikozaliwa Tingatinga mwaka 1932, ingawa nyumbani kwetu ni mjini na Nakapanya huwa napita kwa basi tu. Hakutaka kusikia hilo.

Alinisimulia huku anachora, vipande vipande, wateja wanamkatiza. Tingatinga alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar kutafuta maisha kama sisi wengine. Kibarua hiki, kibarua kile. Alianza kuchora mwaka 1968. Turubai hakuwa nayo, alichorea vipande vya hadibodi vya mraba, kama sentimita 60 kwa 60, na rangi zile za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwapo dukani na zilikuwa nafuu. Mnyama mmoja katikati, uwanja mtupu nyuma. Picha ziliuzwa hapa hapa, Morogoro Stores, kwa wazungu waliokaa Oysterbay.

"Na alikufa lini?"

"1972. Polisi walimpiga risasi usiku, walimdhania mwizi."

Akachovya brashi.

"Sitini na nane mpaka sabini na mbili," akasema. "Wewe mhasibu, piga hesabu. Halafu angalia hapa." Akazungusha mkono: mabanda, kamba, vikopo, watu. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wachache, kina January Linda, Adeusi, Simon Mpata, Kaspar Tedo na Ajaba Abdalla, ndugu na jamaa wengi wao. Hao wakafundisha wengine, wengine wakafundisha wengine, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Babu mwenyewe hakumwona Tingatinga. Alikuja mjini baadaye, akafundishwa na mtu aliyefundishwa.

Hapo nikajikwaa ulimi. Nikauliza mbona zote zinafanana, twiga na Kilimanjaro, twiga na Kilimanjaro. Kijana wa jana akapiga mluzi.

Babu hakukasirika. "Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha a, e, i, o, u kila mwaka. Humwambii amekopi. Twiga ananilipia ada za wajukuu. Ila wale," akaonyesha kanga kwa kidevu, "wale nachora nikitaka."

Nilirudi nyumbani na wekundu chini ya kucha. Sijui kwa nini sikuziosha.

Siku ya 7, Alhamisi

Uwanja unakauka, na babu atachora miili ya wale watatu leo, kwa hiyo sikuwa na kazi asubuhi. Nikaamua kulikabili gauni.

Nimeshalisugua kwa sabuni ya mche mara mbili, halikubali. Nilikuwa nimechuchumaa bombani nalisugua mara ya tatu, machozi yako karibu, nikasikia mtu kasimama nyuma yangu.

"Rangi ya mafuta hiyo. Utaisugua mpaka Ramadhani."

Alikuwa jirani wa mbele. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha pamba. Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kugusa kingo za doa taratibu, kutoka nje kuja ndani. Akaniambia ukianzia katikati unalitawanya. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kupaka mageti, ndiyo maana anajua. Tukafanya kazi bila kusema, weusi unatoka kidogo kidogo, maji yanakuwa kijivu.

Nikaona afadhali niulize. "Dada, ile pasi ya Ijumaa, samahani sana. Nilikuwa sijui."

"Pasi gani?"

"Iliyokata umeme. Nikaona asubuhi umevaa ile kanga…"

Alinitazama muda mrefu. Halafu akaangusha pamba ndani ya beseni na kucheka kiasi kwamba mama mwenye nyumba alichungulia dirishani. Kumbe units zilikuwa zimeisha tu, ilikuwa zamu ya chumba cha tatu kununua na chumba cha tatu kila mwezi kinajisahaulisha. Na kanga? "Mvua ilinyesha siku nne. Ndiyo pekee iliyokuwa imekauka!"

Nikamwambia na mimi gauni hili lilikuwa ndilo pekee lililokauka. Tukacheka upya.

Madoa hayakutoka yote. Kimebaki kivuli cha ndege watatu, kijivu, bila madoa. Tumelianika hivyo hivyo.

Mchana yule kijana wa bandani alikuwa anapeleka fremu Mikocheni, Nafasi Art Space, akanichukua. Ni eneo la wasanii lililoanza 2008, karakana zao ni makontena ya meli yaliyokatwa madirisha. Kule hakuna twiga. Kuna vyuma vilivyochomelewa, kuna picha ambayo ni kahawia tupu na mstari mmoja, nikaisimamia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kijana alikuwa kimya njia nzima ya kurudi. Tulipofika Oysterbay akasema na yeye ana picha zake nyumbani, si za wanyama, hajamwonyesha babu. Hakunionyesha mimi pia. Lakini sasa ananiita Mhasibu.

Siku ya 8, Ijumaa

Leo madoa.

Nilikuta wale watatu wamerudi, weusi, vichwa vya buluu, uchi. Babu akanipa kikopo cha rangi nyeupe, ujazo wa kifuniko cha soda, na brashi aliyoinyoa kwa wembe mpaka zikabaki nywele chache. Nikamwambia mimi nitaharibu. Akasema ulishaharibu, hilo limeshapita.

Doa la kwanza lilikuwa kubwa kama njegere. La pili likalia: rangi ilizidi, ikatiririka chozi refu mpaka kwenye mguu.

"Unachora," akasema babu. "Usichore. Chovya, futa mdomo wa brashi kwenye ukingo wa kopo, gusa, ondoka. Kama kumgusa mtoto aliyelala."

Chovya, futa, gusa, ondoka. Shingoni madoa ni punje za ulezi, yanakaribiana. Yakishuka kifuani yanakua, ubavuni yanakuwa kama mtama, tumboni yanaachana. Mistari haiendi sawa, inafuata mwili. Ukiinyoosha, ndege anakuwa ubao. Ukiipinda pamoja na ubavu, anajaa, unamwona anavuta pumzi. Nilipoligundua hilo, kwa mkono si kwa kuambiwa, nilisimamisha brashi nikamwangalia babu. Alikuwa ananiangalia tayari, akarudisha macho kwenye kazi yake.

Ndege wangu wa kwanza ana madoa 187. Nimehesabu, ndivyo nilivyo. Ni makubwa mno, anaonekana kama amenyeshewa mawe. Wa pili 243. Wa tatu nimeishia shingoni, mwanga ukaisha.

Kati ya ndege wa kwanza na wa pili kulikuwa na mengi. Inzi aliyetua kwenye nyeupe, akaacha nyayo. Bajaji iliyopita na vumbi lake, wote tukageuza picha migongo kwa pamoja kama watu wanaosali. Mama wa chai alikuja na birika. Babu alinilipia, nikakataa, akasema mtu wa Namochelia hafundishwi kukataa chai. Akaniuliza kama najua kwa nini nguo ya kanga inaitwa kanga. Nikasema sijui. Akanyooshea mdomo ubavu wa ndege wangu. Wanasema zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe, wakaziita kwa jina la ndege.

Nikamsimulia habari ya jirani na *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Alicheka mpaka akavua miwani.

Siku ya 9, Jumamosi

Nimemaliza ndege wa tatu saa tano. Madoa 268. Babu akaweka macho. Macho huwa anaweka yeye, mwisho kabisa, nukta moja ya njano na ndani yake nukta nyeusi, na hapo ndipo picha inapokugeukia. Kisha akaandika jina lake pembeni.

Mteja alikuja saa kumi na moja, mama wa makamo, gari lina mapambo ya harusi tayari. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, tukamtandikia kiti cha nyuma magazeti ili ailaze. Alipotaka kuipokea akasita. Aliinamisha kichwa. Mimi nikajificha nyuma ya twiga.

"Fundi, huyu wa nne. Mbona kavaa doti ya peke yake?"

Babu hata hakupepesa. "Huyo mgeni. Ametoka Tunduru, amekuja harusini."

Mama akamtazama ndege tena, akacheka, akalipa. Kijana alilazimika kwenda nje ya banda. Mimi niliendelea kumshika twiga mpaka gari lilipoondoka, nikasahau kwamba twiga naye alikuwa mbichi. Kidogo tu, kwenye kiganja.

Babu akanipa kile kikopo cha rangi nyeupe, kilichobaki, na ile brashi iliyonyolewa. Nikauliza deni limeisha? Akasema la kanga limeisha. Akaonyesha twiga.

Siku ya 10, Jumapili

Kesho saa mbili kazini. Nimepiga pasi blauzi nyeupe na sketi, baada ya kuuliza vyumba vyote sita kwa sauti kama nani ana neno.

Jioni nilikuwa nimekaa barazani, jirani akaja na gauni la krimu mkononi, amelianua kwenye kamba. Akalitandaza magotini. Vivuli vitatu vya ndege, kifuani, wanatazama upande mmoja.

"Hawa wamekaa kama wamefiwa," akasema. "Ile rangi nyeupe uliyoleta jana iko wapi?"

Nikaleta kikopo. Nikamwonyesha: chovya, futa, gusa, ondoka. Doa lake la kwanza lilikuwa kama njegere. Mwanawe akataka na yeye, tukampa ndege wa mwisho, wa mkiani, hata akikosea atajificha chini ya mkono. Mama mwenye nyumba alivuta kigoda akakaa kutuelekeza, ingawa hakuwahi kushika brashi. Chumba cha tatu nao wakatoka kuangalia, na mimi nikawaamkia vizuri sana.

Tulikuwa tumefika ubavuni mwa ndege wa pili umeme ulipokatika. Nyumba nzima ikaguna.

"Zamu ya nani?" akauliza mtu gizani.

Jirani hakuinua kichwa. Alikuwa ameshawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye gauni, brashi bado iko mkononi.

"Shoga," akaniambia, "zamu yako. Nenda kanunue units, mimi namalizia huyu. Ukirudi pita kwa yule wa kalimati."